Kasri Limepigwa Picha, Wanawake Wake Je?

Ukiingia katika nyumba nyingi za waumini wetu utakuta picha zimetundikwa sebuleni. Kuna ya baba akiwa kazini, kuna ya mtoto siku ya kipaimara, kuna ya mjomba aliyekwenda kusoma mbali. Ya mama mwenye nyumba ni ile ya siku ya harusi tu, kama ipo. Tangu siku hiyo hajaonekana tena. Mpiga picha alipokuja, yeye alikuwa jikoni, au alikwenda kubadili kanga na aliporudi akakuta watu wameshatawanyika. Siku hizi simu za kupiga picha zimeingia hadi vijijini, lakini mama bado ndiye anayeambiwa, "Shika simu utupige."

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na ya kuwafariji wafiwa tunajua jambo hili linaishia wapi. Mama anapofariki dunia, watoto huhangaika usiku kucha kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mara nyingi inayopatikana ni ile ndogo ya kitambulisho cha mpiga kura. Ikikuzwa, uso unafifia hata wajukuu hawamtambui bibi yao. Mtu aliyelea ukoo mzima anaondoka bila kuacha sura.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tulikutana nalo mahali ambapo hatukulitazamia kabisa, yaani katika magofu ya makasri ya kifalme ya Zanzibar, tulikokwenda kutembea na kupiga picha.

SAFARI YA SIKU MOJA

Kikundi cha akina mama wa kanisa letu hapa Magindu kiliweka akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Wengine waliuza ufuta, wengine mkaa, wengine maandazi. Nia yetu ilikuwa moja: kuvuka bahari walau mara moja katika maisha. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, inapita hapa kwetu, na honi ya treni tumeizoea tangu utotoni. Lakini bahari, ingawa mkoa wetu unaitwa Pwani, wako miongoni mwetu ambao hawakuwahi kuiona.

Tulisafiri hadi Dar es Salaam tukalala kwa ndugu na jamaa, kisha tukapanda boti ya asubuhi. Kuvuka kunachukua muda wa saa mbili hivi. Wale wenye shinikizo la damu tuliwakumbusha kumeza dawa zao kama kawaida, na wale wanaochafukwa na moyo tuliwaketisha katikati ya boti, ambako mawimbi hayasumbui sana. Simu zenye kamera nzuri zilikuwa tatu. Tulikubaliana tangu nyumbani nani atashika ipi, ili tusirudi na picha mia za bahari na bila picha hata moja ya kitu tulichokwenda kukiona.

Na tulikwenda kuona nini? Watoto wetu wanasoma shuleni habari za masultani wa Zanzibar. Wanajua majina na miaka, lakini hawajui jumba la mfalme linafananaje. Tuliona ni vema warudi mama zao na picha za kuwaonyesha.

MARUHUBI: NGUZO BILA NYUMBA

Kutoka bandarini tulikwenda kwanza Maruhubi, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe, ufukweni kabisa. Jumba hili lilijengwa mwaka 1882 kwa amri ya Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Orofa ya juu na baraza zake zilikuwa za mbao, nazo zilishikiliwa na nguzo nene za mawe. Mwaka 1899 moto uliteketeza jumba. Mbao zikaisha, nguzo zikabaki zimesimama wima kama watu waliosahauliwa wakimngoja mgeni.

Bado zipo kuta za bafu kubwa lililojengwa kwa mtindo wa Kiajemi. Marumaru zake ziliibwa zamani. Yapo pia mabwawa ya maji yenye mayungiyungi, na miembe mikubwa inayotoa kivuli kizuri. Tulitandika kanga chini ya mmoja wa miembe hiyo, tukala chakula chetu, kisha tukaanza kazi ya picha.

Pwani hii inatazama magharibi. Kwa hiyo asubuhi ukisimama na kuelekea baharini, jua liko mgongoni kwako na nguzo zinaangazwa vizuri. Huo ndio wakati wa kupiga. Mchana jua likiwa utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, na hapo ni afadhali kumsimamisha mtu kivulini. Jioni jua linashuka baharini. Ukimpiga mtu akiwa na bahari nyuma yake utapata kivuli cha mtu, si mtu. Binti mmoja aliyefuatana nasi alitufundisha dawa yake: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, nao uso utang'aa hata kama nyuma kuna mwanga mkali. Bafuni mna giza, na huko tulitegemeza simu ukutani ili isitikisike.

Tuligundua jambo jingine. Picha ya nguzo peke yake haisemi kitu. Ukiiangalia huwezi kujua kama ni ndefu kama mwembe au fupi kama kisiki. Lakini mtu akisimama kando yake, mara moja unajua ukubwa wake. Jengo linahitaji mtu ili lieleweke.

Hapo ndipo lilipokuja swali.

"NA MAJINA YAO?"

Mwenyeji aliyetuongoza alitueleza kwamba Sultan hakukaa hapa siku zote. Yeye alikuwa na majumba yake mjini. Maruhubi palikuwa makao ya wanawake wake. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa na mke mmoja wa ndoa na masuria tisini na tisa.

Katika kundi letu alikuwemo bibi mmoja mwenye wajukuu wengi, mtu wa maneno machache. Tangu kwenye boti alikuwa akikataa kupigwa picha. "Sura ya uzee ya nini?" alisema kila alipoombwa. Aliposikia habari ya wale masuria alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza yule mwenyeji, "Na majina yao?"

Mwenyeji alikuwa muungwana. Alijibu, "Bibi, mimi sikufundishwa majina yao."

Suria, kwa wasomaji wasiolijua neno hili, ni mwanamke mtumwa aliyewekwa na bwana wake kuwa kama mke. Watoto wake walihesabiwa kuwa huru na wa ukoo wa baba. Yeye mwenyewe alikuwa amenunuliwa, au ametekwa, au ametolewa zawadi. Baadhi walitoka mbali, Uhabeshi na nchi za Kaukazi. Lakini wapo watu wengi waliotoka bara kwetu huku. Njia kuu ya misafara kutoka Tabora na Ujiji ilishukia Bagamoyo, ikipita katika nchi za Ukwere na Uzaramo na kuvuka mto Ruvu. Watu waliofungwa minyororo walipita katika ardhi hii tunayolima leo. Mwanamke aliyefuliwa nguo Maruhubi na mwanamke aliyezifua, mmoja wao au wote wawili, huenda walikuwa dada za mababu wa watu tunaosali nao Jumapili.

Tunapaswa kusema ukweli wote juu ya Sultan Barghash. Ndiye aliyetia sahihi mapatano ya mwaka 1873 na Waingereza, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mahali palipokuwa soko hilo likajengwa Kanisa Kuu la Anglikana, ambalo wageni wengi hulitembelea hata sasa. Tena ndiye aliyeleta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi, na sisi wauguzi tunajua maji safi yanaokoa roho ngapi mahali palipozoea kipindupindu. Ni matendo mema hayo. Lakini miaka tisa baada ya soko kufungwa, mtu huyohuyo alijenga Maruhubi.

Na sheria haikuwakumbuka wanawake hao upesi. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kufuta hali ya utumwa Zanzibar, lakini masuria wakaachwa nje ya amri hiyo. Iliwabidi kungoja hadi mwaka 1909, miaka kumi na miwili baadaye. Huku bara utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Bibi zetu waliozaliwa kabla ya hapo waliishi katika nchi ambayo mtu aliweza kuwa mali ya mtu.

Bibi yetu aliyasikiliza yote hayo ameegemea nguzo. Kisha akasema, "Basi nipigeni mimi. Na jina langu muliandike." Tulimpiga hapohapo, mkono mmoja juu ya jiwe. Hakutabasamu. Ndiyo picha bora kuliko zote tulizorudi nazo, na nyuma yake yameandikwa majina yake mawili, jina la baba yake na la mama yake, na jina la kijiji alichozaliwa.

MTONI: MAMA ALIYEANDIKWA NA BINTIYE

Kutoka Maruhubi tulipanda daladala ya kwenda Bububu, mwendo mfupi tu, tukashuka Mtoni. Hapa pana magofu ya kasri kongwe kuliko yote ya masultani wa Zanzibar. Lilijengwa na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake visiwani, na kazi ya ujenzi ilianza mwaka 1828 au karibu na hapo.

Katika kasri hili, tarehe 30 Agosti 1844, alizaliwa Seyyida Salme. Mama yake alikuwa suria, jina lake Jilfidan. Alitoka Circassia, katika milima ya Kaukazi. Alitekwa akiwa mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa vitani, akauzwa, na mwisho akafika katika nyumba ya Sultan. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859, na binti yake alikuwa bado msichana.

Mpenzi msomaji, tumeyajuaje haya? Tumeyajua kwa sababu Salme alijua kuandika. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiiga herufi moja moja. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Humo amelieleza kasri la Mtoni likiwa hai: ua mkubwa wenye tausi, swala na mbuni, bafu zilizojaa watu, baraza la kutazama bahari alipopenda kukaa baba yake, na watu wanaofika elfu moja kwa hesabu yake, mabwana na watumwa pamoja. Wasomi na wageni wanaotaka kujua maisha ya ndani ya makasri hayo wanamtegemea yeye.

Na katika kitabu hicho ameliandika jina la mama yake. Maruhubi tulipewa idadi, tisini na tisa. Mtoni tulipewa jina, Jilfidan. Tofauti yake ni binti mmoja aliyeshika kalamu.

Maisha ya Salme yalikuwa na machungu mengi. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri, kwa sababu ya mapenzi kati yake na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867, mjini Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, wakaoana, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume wake alifariki kwa ajali ya tramu, akabaki mjane ugenini na watoto watatu wadogo, akiwa ametengwa na ndugu zake. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Husimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar, akazikwa nacho.

Hatusimulii habari ya ubatizo wake kwa kujivuna mbele ya jirani zetu Waislamu, ambao hapa Magindu tunaazimana nao chumvi na kuzikana. Tunaisimulia kwa sababu ni ya mama aliyelea watoto peke yake na hakukubali kusahau alikotoka. Akiwa Hamburg alipigwa picha amevaa mavazi ya kwao, na picha hiyo imechapishwa mara nyingi hadi leo. Wanawake wenzake waliobaki ndani ya kuta za Mtoni sisi hatukuoneshwa sura ya hata mmoja.

JIWE NALO HUANGUKA

Tulirudi mjini tukapita Forodhani, mbele ya Jumba la Maajabu. Hili nalo ni la Sultan Barghash, lilijengwa mwaka 1883, na ndilo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya jengo hilo ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo mtu aliyelipiga picha mwaka 2019 ana kitu ambacho sisi hatukuweza kukipata kwa nauli yoyote.

Hapo kando palikuwa na jumba jingine la kifalme. Lilibomolewa kwa mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Tukafanya hesabu: jumba moja kwa mizinga, jingine kwa moto, jingine kwa uchakavu. Watu walioyajenga walidhani mawe yatadumu. Kama mawe ya mfalme huanguka, je, sura ya mama yetu ambayo tunasema tutaipiga Krismasi ijayo?

MJAKAZI ALIYEITWA KWA JINA

Kwenye boti ya kurudi mmoja wetu alifungua Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 16, habari za Hajiri. Wengi tumezoea kuisoma kama habari ya ugomvi wa wake wawili. Safari hii tuliisoma kwa macho mengine, kwa maana tulikuwa tumetoka kusimama mahali walipoishi akina Hajiri.

Tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Katika sura ile, Sarai anapomzungumza Hajiri anamwita mjakazi wake. Abramu naye anamwita mjakazi. Hakuna kati yao anayemtaja kwa jina. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika wa Bwana, kule jangwani kwenye chemchemi ya maji, tena anamwuliza atokako na aendako. Na yule mwanamke mtumwa, aliyezoea kuitwa tu, ndiye anayempa Mungu jina: Mungu anayemwona.

Basi wale tisini na tisa wa Maruhubi, ambao mwenyeji wetu hakufundishwa majina yao, wanajulikana kwake. Hiyo ni faraja yetu. Lakini faraja hiyo haituondolei wajibu. Kama Mungu anawaona wasioonekana na kuwaita kwa majina, nasi tufanye vivyo hivyo katika nyumba zetu.

MAMBO YA KUFANYA

Baada ya safari hiyo kikundi chetu kiliamua mambo machache, nasi tunayatoa kwako, mama msomaji, uyafanye kadiri ya uwezo wako.

1. Ingia kwenye picha. Mpe mtoto au jirani simu naye akupige. Usingoje upone, unenepe, upungue, au upate kitenge kipya. Picha ya mama akichambua mboga ina thamani kwa watoto wake kuliko ile ya studio.

2. Wapige wazee kwanza. Mtafute mama mkwe, shangazi na bibi. Waombe kwa heshima, wala usiwalazimishe. Anayekataa leo huenda atakubali kesho akijua sababu. Kaa naye, mwulize alizaliwa wapi, mama yake aliitwa nani, na bibi yake aliitwa nani. Ukifika kwenye jina ambalo hakuna anayelijua tena, utaelewa kwa nini tunakuhimiza.

3. Andika nyuma ya picha. Andika majina kamili, mahali na mwaka. Tumia penseli laini na usikandamize, kwa maana wino wa kalamu unaweza kupenya na kuharibu uso wa picha. Picha isiyo na jina, baada ya miaka hamsini, ni picha ya mtu asiyejulikana.

4. Chapisha chache. Simu huibiwa, huanguka majini, huharibika. Si lazima kuchapisha zote. Chagua tatu au nne kwa mwaka, utoe nakala mbili za kila moja, na nakala ya pili umpe ndugu anayekaa nyumba nyingine. Zihifadhi kwenye bahasha ndani ya sanduku lisiloingia unyevu wala mchwa.

5. Omba ruhusa. Tulipokuwa Zanzibar tulivaa nguo za kujisitiri, na kila tulipotaka kumpiga mtu tuliuliza kwanza. Mwanamke aliyetuambia hapana tulimshukuru tukapita. Usimpige mtoto wa mwenzio bila mzazi wake kujua. Vilevile usimpige mgonjwa kitandani ukasambaza picha hiyo kwenye simu za watu. Tumeona wagonjwa wakilia kwa aibu kuliko kwa maumivu. Picha ni njia ya kumtunza mtu, isigeuke kuwa njia ya kumvua nguo.

6. Linda mahali unapopatembelea. Usipande juu ya kuta za magofu, kwani ni hatari kwa mguu wako na kwa ukuta wenyewe. Usichonge jina lako kwenye jiwe wala usichukue kipande cha jiwe kwenda nacho nyumbani. Marumaru za Maruhubi ziliondoka hivyohivyo.

Akina mama wa vijijini msiseme, "Sisi Zanzibar tutafika lini?" Mahali pa kutembelea si lazima pawe kasri. Bagamoyo ipo katika mkoa wetu, na hata kituo cha reli, kisima cha zamani au kanisa la kwanza la kijiji chenu pana habari. Chagueni siku moja, mfunge chakula, mchukue watoto na mzee mmoja anayekumbuka mambo ya kale. Mpigeni picha mahali hapo, naye asimulie watoto wakisikiliza. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli waliagizwa kusimamisha mawe kumi na mawili ili watoto wao waje kuuliza maana yake. Mawe peke yake hayakutosha. Ilibidi awepo mzazi wa kujibu.

Kwa mkutano ujao wa kikundi chenu, kila mama aje na picha moja ya mwanamke wa ukoo wake, iwe nzuri au iliyochakaa, na amtaje kwa jina mbele ya wenzake. Asiye na picha aje na jina peke yake. Katibu ayaandike yote katika daftari la kikundi, kisha mwombe pamoja mkimshukuru Mungu kwa ajili ya kila mmoja wao.